Wageni Wenu Wako Wapi?

Neno "safari" ni letu. Asili yake Kiarabu, sawa, lakini ni sisi tuliolilea, tukalivika, tukalipeleka duniani. Leo Mwingereza analo katika kamusi yake, Mjerumani analo, Mfaransa analo. Na kila mmoja wao akilitamka anamwona simba amelala chini ya mgunga na gari la wazi limesimama pembeni. Na sisi wenye neno? Tukilitamka tunaona nini? Nitasema, na atakayenuna na anune: tunaona jeneza, au kadi ya mchango wa harusi, au fomu ya posho.

Usikasirike kwanza, ndugu msomaji. Jihesabu. Mara ya mwisho ulipotoka nje ya mji unaoishi ulifuata nini? Kama si kuzika, kuoza au kuhudhuria warsha, basi ulikwenda kwenu likizo, na hiyo nayo ni kazi, maana ulibeba sukari, sabuni, vitenge, na ukarudi na matatizo ya ukoo mzima. Njiani ulilala. Ulifumba macho Ubungo ukafumbua Morogoro. Mtu akikuuliza kati ya hapo kuna nini, utasema kuna mizani.

Lugha yenyewe inatushitaki. Ukiaga nyumbani, mama haridhiki kuuliza "Unakwenda wapi?" Atauliza, "Unakwenda kwa nani?" Mahali pasipo na mtu wetu si mahali, ni njia tu. Na ukiwa mwanamke kama mimi, swali hilo lina mkia mrefu zaidi. Mwanaume akizurura ataitwa mtembezi. Mwanamke akizurura ana jina ambalo mhariri hatalichapa.

Sasa nifafanue mapema, kabla hamjanipa ubalozi nisioutaka. Hoja yangu si ya utalii. Wanaohubiri utalii wa ndani wana mabango yao na mishahara yao, wacha waendelee. Hoja yangu ni ya fasihi. Nasema kizazi chetu cha waandishi wa Kiswahili kimeacha kutembea kwa macho yake chenyewe, na ndiyo maana hadithi zetu zinafanana kama mikate ya tanuri moja. Kijiji ni kile kile: mwembe, mto, mzee mwenye mkongojo, na jogoo anayewika katika aya ya kwanza. Jiji ni lile lile: vumbi, daladala, konda mwenye matusi. Pwani nayo ni ile ile: minazi, mawimbi, upepo mwanana. Upepo gani, ndugu mwandishi? Kusi? Kaskazi? Matlai? Kimya. Upepo mwanana tu, kama ule wa kwenye kadi ya Krismasi.

Na tusidanganyane kwamba ndivyo tulivyozaliwa. Hatukuanza hivi. Mwaka 1901 kilichapwa huko Ujerumani kitabu kinachoitwa Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten. Waliosimulia humo ni watu wa pwani hii. Mmoja, Selim bin Abakari, anaeleza alivyofika Urusi hadi Siberia, mtu wa joto kama sisi, akitazama barafu na kuisema kwa Kiswahili. Mwingine ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye hakwenda mbali: alikwenda Udoe na Uzigua, huko huko jirani, akaandika alichokiona. Tippu Tip naye alisimulia misafara yake kwa kinywa chake, ikachapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1931 Martin Kayamba alikwenda London, na mwaka uliofuata watu wakasoma Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Haya, nitajieni kitabu cha safari cha Kiswahili kilichoandikwa na kijana katika miaka hii yetu. Nasubiri. Chukueni muda wenu.

Lakini nitakuwa nawasifu wazee wetu kijinga nisipoitazama sura ya pili. Karibu wote hao walisafiri kwa shughuli ya mtu mwingine, au waliandika kwa kuombwa na mtu mwingine. Selim alikuwa akimfuata bwana wake Mjerumani. Mtoro alipelekwa Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, Velten akachapa Desturi za Wasuaheli mwaka 1903 kwa kazi ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya Mtoro, na mwenyewe alipotaka kurudi pwani na mke wake wa Kijerumani, serikali ya kikoloni ikakataa asishuke melini. Alifia Berlin mwaka 1927. Kayamba naye alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la Waingereza.

Na mfano mkubwa kuliko yote ni Abdallah Susi na James Chuma. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi tunayoiita leo Zambia. Wao na wenzao wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi tisa! Hakuna safari iliyowahi kufanywa na watu wetu inayostahili kitabu kuliko hiyo. Na kitabu kilipotoka London mwaka huo huo kilikuwa shajara za marehemu. Chuma na Susi waliitwa Uingereza kueleza yaliyotokea, Mzungu Horace Waller akaandika. Waliotembea wakawa wasimuliaji wa pembeni. Aliyebebwa akawa mwenye safari.

Mpagazi hana safari. Safari ni ya mwenye mzigo. Wahenga walikwisha kusema: usisafirie nyota ya mwenzio. Sisi tumeisafiria mpaka tumesahau kwamba juu kuna nyota nyingine.

Sasa nitoe mfano wa kisasa, maana maneno matupu hayavunji mfupa.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane shoga yangu alinipigia simu saa moja asubuhi. Gari la kaka yake, Corolla kuukuu, lilikuwa limelala uani na nusu tangi la mafuta. "Vaa, nakuja. Twende zetu." Wapi, hakusema, kwa sababu hakujua. Tulipofika Mwenge tukakata kulia tukafuata Barabara ya Bagamoyo, si kwa uamuzi, ila kwa sababu foleni ya upande ule ilikuwa ikisogea. Tegeta, Boko, Bunju. Baada ya Bunju jiji linaanza kukata pumzi. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Mbao za kuuza viwanja, mananasi yaliyopangwa kando ya njia, trafiki chini ya mti. Kilomita 70 hivi kutoka katikati ya Dar, na kabla ya saa nne tulikuwa Bagamoyo, mikono mitupu, hatuna wa kumsalimia.

Mji ule uliwahi kuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Kabla yao ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, na kule ndiko meno ya tembo na wanadamu vilikotelemkia pwani. Jina lake lina tafsiri mbili zinazogombana hadi leo. Wapo wasemao ni mtumwa anayeubwaga moyo, kwa kuwa ng'ambo ya hapo hakuna tumaini. Wapo wasemao ni mpagazi anayeutua moyo pamoja na mzigo, kwa kuwa amefika. Mimi sitaamua kesi hiyo. Nataka mwone tu kwamba katika tafsiri zote mbili, mwenye moyo alikuja pale kwa amri au kwa ujira wa mwingine.

Tukashuka ufukoni kwenye soko la samaki. Hatukuwa na mahojiano, hatukuwa na dodoso, hatukuwa na kalamu masikioni. Tulikaa tu. Mvuvi mmoja alikuwa akishona jarife, nikamuuliza mbona vyombo vingi vimekaa mchangani mchana kweupe. Hakuinua kichwa. "Kusi limekaza, dada. Na maji yenyewe haya maji mafu. Ngoja demani iingie, na bamvua, utatukosa hapa." Kisha akaanza kumgombeza mwanawe kuhusu foromali ya ngalawa, na mwenzake akadakia habari za dema zilizochukuliwa na mkondo, na wa tatu akawalaani wenye juya wanaozoa hata vifaranga vya changu.

Katika robo saa nilisikia bahari ambayo haimo katika hadithi hata moja ya sisi vijana. Maneno hayo yote yamo kamusini, najua. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imekuwapo tangu mwaka 1981, ifungue utayakuta. Lakini kamusini neno limelala kwenye barafu. Pale mchangani linarukaruka, lina magamba, lina bei, lina ugomvi ndani yake. Hatuwezi kuyatoa maneno hayo barafuni kwa kukaa Sinza tukinywa soda na kulalamika kwamba Kiswahili kinakufa. Kiswahili hakifi. Kipo kinashona jarife. Sisi ndio hatujaenda kukitazama.

Tukala chewa wa kukaanga na mihogo, kachumbari juu, pilipili ya kutoa machozi, tukaendelea kuzunguka. Kaole, mwendo mfupi kusini mwa mji, upo msikiti wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ambazo zamani zilipachikwa vibakuli vya kauri kutoka Uchina. Nilisimama hapo nikahesabu: huo msikiti ulijengwa kabla Ibn Battuta hajafika Kilwa. Yeye alipita mwaka 1331, mgeni wa siku chache tu, na mpaka leo hakuna insha ya historia ya pwani isiyomnukuu. Siku chache za mtembezi mmoja! Na wenyeji waliokuwa wakimpikia, wakimpa maji ya kunawa, wakimwona ametoa jicho, hatuna hata mstari wao mmoja kuhusu yeye.

Halafu tukafika katika eneo moja la kumbukumbu. Silitaji, maana kosa si lake. Mzee aliyekuwa zamu alitutazama, akalitazama gari, akatazama tena nyuma yetu.

"Karibuni, binti zangu. Wageni wenu wako wapi?"

Shoga yangu akamjibu, "Sisi ndio wageni, mzee."

Mzee akacheka vizuri kabisa, akijua ni utani, akaendelea kuchungulia garini kuwatafuta wageni wenyewe. Alipoona kweli hamna mtu, uso wake ukabadilika. Hakutudharau, la. Alituonea huruma kidogo, kama mtu anavyowahurumia waliopotea njia. Akatupa daftari tuandike majina. Nikapekua kurasa za nyuma: Uholanzi, Ujerumani, Marekani, Ujerumani, Italia, kisha shule ya msingi watoto arobaini na mwalimu wao, kisha Ujerumani tena. Yule mzee hakukosea hata kidogo. Alikuwa anasoma ushahidi wa daftari lake. Miaka yote aliyokaa pale, mtu mzima mwenye rangi yetu alikuja kama dereva, kama mfasiri, au kama mwalimu wa zamu.

Wakati wa kurudi gari likachemsha Kerege. Tukateremka, tumejifunga kanga kwa ajili ya upepo, tukaomba maji nyumba ya jirani. Mama mwenye nyumba akatuletea ndoo, akatusogezea na kigoda. Tulipokuwa tunangoja injini ipoe akatuambia kwa sauti ya chini, "Poleni sana, wanangu." Tukasema ahsante mama, gari hili ni la zamani. "Si gari," akasema. "Msiba. Kwani hamtoki msibani?"

Watu wema wawili katika siku moja. Wa kwanza aliamini kwamba kama tumekuja kuangalia, basi tumemleta mwangaliaji. Wa pili aliamini kwamba kama wanawake wawili wako njiani jioni, basi kuna maiti. Wote walikuwa na akili timamu. Wote walikuwa wanafuata hesabu ya maisha yetu. Tatizo ni hesabu yenyewe.

Najua majibu yanayokuja, kwa hiyo niyapokee mlangoni.

La kwanza: "Dada, petroli unaijua bei yake? Hiyo ni anasa ya wenye magari." Jibu: tulichangiana, na hela tuliyotumia wawili haikufika mchango wa kadi moja ya harusi ya kistaarabu, ile ya "single" na "double". Huko tunatoa bila kufumba jicho, tena kwa watu tusiowajua majina ya katikati. Na asiye na gari apande basi. Bagamoyo mabasi hayakatiki kutwa nzima. Sikuandika haya kusifu Corolla. Nasifu kutokuwa na sababu.

La pili: "Nchi ina njaa, ina rushwa, ina vijana wasio na ajira. Mwandishi aende kutalii?" Hili ndilo linalovaa suti. Nami nauliza: hiyo njaa unaijua wapi? Hiyo rushwa ya kijijini uliiona kijiji gani? Kama ulimwona mkulima kwenye semina ya siku mbili, amevaa fulana ya mradi, akisema alichofundishwa kusema, basi hukumwona mkulima. Anayekwenda na mradi anarudi na mradi. Ukienda na maswali kumi ya tajiri wako utarudi na majibu kumi ya tajiri wako. Nisingekwenda ufukoni siku ile bila dodoso, nisingesikia habari za juya zinazozoa vifaranga vya samaki. Na hiyo, ndugu mpenda maendeleo, ndiyo njaa yenyewe, inavutwa na kamba mbele ya macho yako.

La tatu ni la wasomi wetu: "Mwandishi ana ubunifu, hahitaji kwenda." Haya bwana. Lakini mbona ubunifu wenu wote una mwembe mmoja?

Na la nne sitalijibu kwa maneno mengi, maana linasemwa kwa macho: wanawake wawili, gari, siku nzima, hawana waliyemfuata, walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanatazama. Kama hilo linatisha, basi kuna watu wamezoea sisi tutazamwe tu.

Methali zetu zimegawanyika juu ya jambo hili, na si ajabu. Moja inaonya kuwa mtembezi hula miguu yake. Nyingine inaamuru tembea uone. Wazazi wetu walituchagulia ya kwanza kwa sababu walikuwa na shida na njia zilikuwa mbaya, siwalaumu. Lakini mwandishi anayechagua ya kwanza amechagua kazi nyingine. Na akafungue duka, duka halitaki miguu.

Kwa hiyo namalizia kwa ombi, na ombi hili ni kwa mhariri na kwa wenzangu tunaosomana katika kurasa hizi chache. Tengeni ukurasa mmoja kila toleo kwa safari isiyo na sababu. Masharti yawe matatu. Usiende kwa shangazi. Usiende kwa posho. Na urudi na majina: la upepo, la mti, la chakula na bei yake, na namna watu walivyokuuliza umefuata nini. Uende Kisarawe, uende Mkuranga, uende Pangani alikonyongwa Abushiri mwaka 1889, uende hata mwisho wa njia ya daladala yako mwenyewe, kituo ambacho hujawahi kukishuka. Andika kwa Kiswahili kilichopo pale, si hiki cha kwetu cha kupigia pasi.

Barabara hizi wahenga wetu walizipita na mizigo ya watu kichwani, na wakati mwingine na maiti ya mtu begani. Sisi tunaweza kuzipita mikono mitupu, na hiyo ndiyo neema kubwa tuliyopewa kuliko wao. Tukikataa kuitumia, atakuja tena mtembezi mwingine na daftari lake, atakaa siku chache, atakula, atatutazama, ataandika. Na sisi, wenye neno lenyewe, tutamnukuu miaka 700 mingine.